Jina Lililo Nyuma ya Pakiti ya P2

Ukiwahi kushika pakiti ya P2, hebu igeuze upande wa nyuma. Najua hiyo si saa ya kusoma maandishi madogo. Wengi huichana haraka haraka, wakameza, wakalitupa boksi mbali na macho ya mama. Lakini pale kwenye maandishi madogo kuna jina: Gedeon Richter. Halafu mji: Budapest. Hungary hiyo, nchi iliyo katikati ya Ulaya, isiyo na hata kipande cha bahari.

Huyo alikuwa mtu. Wengi hudhani ni jina la kampuni tu, limebuniwa na watu wa matangazo. Hapana. Alizaliwa, akafiwa na wazazi, akafungua duka la dawa, akatajirika, na akauawa kando ya mto akiwa mzee wa miaka 72. Kidonge chenyewe hakukiona kwa macho yake, kwa sababu kilitoka zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake. Nataka nikusimulie maisha yake, na tukiwa njiani nikueleze kidonge kinafanya kazi gani mwilini. Hapa Shela mambo haya mawili yote yana taabu. La kwanza halina mtu wa kulisimulia. La pili linasimuliwa na kila mtu, na wengi wanakosea.

Umesikia kuwa P2 inakausha kizazi. Umesikia kuwa ni kutoa mimba. Umesikia kuwa ukinywa zaidi ya mara tatu maisha yako yote hutazaa kamwe. Na kwa kuwa Shela ni kijiji ambacho ukipiga chafya kwenye uchochoro mmoja, uchochoro wa pili wanakuombea dua, hakuna anayetaka kuuliza kwa sauti. Mtu anakaa na hofu yake siku tatu, nne, tano. Na kwa dawa hii, siku ndizo kila kitu. Tutafika huko.

Kwanza mzee wetu. Wahungary hutanguliza jina la ukoo, kwa hivyo kwao ni Richter Gedeon. Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1872 katika kijiji kiitwacho Ecséd, kwenye familia ya Kiyahudi. Wakati huo huku kwetu Lamu ilikuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Gedeon alifiwa na wazazi akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na babu na nyanya yake katika mji wa Gyöngyös. Hapo ndipo alipoingia duka la dawa kama mwanagenzi: anapima, anasaga, anachanganya, anaosha chupa. Ukitaka kumpata picha yake, mfikirie kijana wa miaka kumi na kitu aliyejifunza kazi kwa mikono kabla ya kuingia darasani. (Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, kwa hivyo sehemu hii ya maisha yake naipenda kidogo kuliko ninavyopaswa.) Lakini Gedeon hakuishia dukani. Alisoma famasia, akapata cheti chake Budapest, halafu akafunga safari ya miaka kadhaa akizunguka Italia, Ufaransa, Uingereza na Ujerumani kuangalia wenzake wanafanyaje.

Aliporudi, mwaka 1901, alinunua duka la dawa katika barabara ya Üllői mjini Budapest. Lilikuwa likiitwa Duka la Tai. Ni mwaka uleule ambao reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Mbele lilikuwa duka kama maduka mengine, na nyuma yake kulikuwa na maabara ndogo, na maabara hiyo ndiyo iliyomtajirisha.

Zama zile dawa nyingi zilitokana na mimea, au na madini. Gedeon alikuwa ameona Ulaya Magharibi kitu kipya: dawa zinazotolewa kwenye tezi za wanyama. Unajua ukichinja mbuzi, kuna vile vinyama vidogo juu ya figo ambavyo hakuna anayevigombania? Hizo ni tezi, na ndani yake mna adrenalini, ambayo ndio kwanza wanasayansi walikuwa wameitenga. Gedeon akaanza kutengeneza dawa kutokana nayo, akaiita Tonogen. Ilikuwa ikisaidia kuzuia damu na kuinua presha ya mtu anayezimia. Mwaka 1907 alijenga kiwanda mtaa wa Kőbánya, mtaa wa viwanda pembeni mwa Budapest. Kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia akatoa tembe za kusafishia vidonda zilizoitwa Hyperol, na vita vilipozuka zikatumika sana. Miaka ya 1920 kiwanda chake kikawa kinatengeneza insulini ya wagonjwa wa kisukari, miaka michache tu baada ya insulini kugunduliwa Canada.

Nimezipita haraka habari hizi kwa sababu nataka tufike kwa sungura.

Kulikuwa na daktari mmoja wa Austria, Ludwig Haberlandt, mwalimu wa chuo kikuu cha Innsbruck. Huyu alijiuliza swali ambalo ukilifikiria unaona ni la wazi kabisa: kwa nini mwanamke aliye mjamzito hashiki mimba nyingine juu ya ile? Maana mimba ikishaingia, mayai huacha kupevuka. Kuna kitu kinauambia mwili usimame. Haberlandt akachukua ovari za sungura wenye mimba, akazipandikiza kwa sungura majike wasio na mimba. Hao waliopandikizwa wakapandwa na madume kama kawaida, na kwa muda hawakushika mimba. Halafu baadaye uzazi ukawarudia. Hiyo ilikuwa mwaka 1919. Sungura hao ndio walioonyesha kuwa uzazi unaweza kusimamishwa kwa muda kwa kutumia homoni, kisha ukaendelea.

Soma tena hapo mwisho, tafadhali. Kwa muda. Halafu ukarudi.

Haberlandt alihitaji kiwanda cha kutengeneza dawa ya majaribio kutokana na ovari za wanyama. Viwanda vingi havikutaka kuguswa na jambo kama hilo. Aliyekubali ni kampuni ya Gedeon Richter. Kufikia mwaka 1930 walikuwa na dawa waliyoiita Infecundin. Hebu fikiria: miaka 30 kabla ya vidonge vya kupanga uzazi kuanza kuuzwa Marekani, mfamasia wa Budapest alikuwa tayari ameweka jina lake na pesa zake kwenye wazo hilo. Lakini Austria ya wakati ule haikumvumilia Haberlandt. Alishambuliwa na watu wa dini, alishambuliwa na wasomi wenzake, akaonekana mtu anayefanyia uhalifu watoto ambao hawajazaliwa. Mwaka 1932 alijiua, akiwa na miaka 47. Infecundin ikafia mezani.

Sasa tuongee juu ya kidonge chako, maana ukiwaelewa wale sungura umeshaelewa nusu ya kazi.

Ndani ya P2 kuna homoni ya kutengenezwa inayoitwa levonorgestrel. Ni ndugu wa projesteroni, ile homoni ambayo mwili wako unaitengeneza wenyewe. (Miaka ya 1940 wanasayansi walijua kuitengeneza projesteroni kutokana na viazi vya mwituni vya Mexico, jamaa wa viazi vikuu tunavyovila sisi kwa nazi. Hicho ni kisa kingine, nitakisimulia siku nyingine.) Kila mwezi ubongo hutuma ishara kali inayoliambia yai litoke kwenye ovari. Levonorgestrel ikifika kabla ya ishara hiyo, ishara inacheleweshwa au haitumwi. Yai linabaki lilipo.

Ichukulie hivi. Umesimama kwenye gati la Shela. Mbegu za kiume ni watu waliofika gatini kungojea abiria mmoja. Wanaweza kungoja muda mrefu, hadi siku tano, maana hufa polepole. Abiria mwenyewe ni yai, na likishatoka nyumbani huishi kama siku moja tu. Kazi ya P2 ni kumzuia abiria nyumbani mpaka wale wanaongoja wachoke, waishe. Haiwafukuzi walio gatini wala haiizamishi boti. Na kama abiria alishatoka nyumbani kabla hujameza, P2 haina la kufanya.

Kutokana na mfano huo unaweza kujijibu maswali karibu yote ya mtaani. Inatoa mimba? Haiwezi. Mimba ikishaingia, dawa hii haiiondoi, na uchunguzi uliofanywa haukuona ikimdhuru mtoto aliye tumboni. Inakausha kizazi? Homoni hiyo hutoka mwilini ndani ya siku chache, na unaweza kushika mimba mwezi uleule, hata wiki ileile, ukilala na mtu tena bila kinga. Hapo ndipo wengi huumia: anameza Jumamosi, anadhani amekingwa mpaka mwisho wa mwezi. Kumbe yai limecheleweshwa tu. Akirudia Jumatano bila kinga, huenda amewaleta watu wapya gatini siku ileile abiria anayotoka.

Rudi nami Budapest, maana hadithi inageuka giza.

Gedeon Richter alikuwa tajiri, dawa zake zilikuwa zikiuzwa nchi nyingi, na alikuwa Myahudi. Kuanzia mwaka 1938 serikali ya Hungary ilianza kupitisha sheria za kuwabana Wayahudi katika kazi, mali na elimu. Mwaka 1942 akalazimishwa kujiuzulu uenyekiti wa kampuni yenye jina lake, na baadaye akakatazwa hata kukanyaga kiwandani. Mzee wa miaka 70, anaangalia kwa mbali moshi wa kiwanda alichokijenga. Hata hivyo aliendelea kukiongoza chinichini akiwa nyumbani, kupitia watu waliobaki waaminifu kwake.

Machi 1944 Wajerumani wakaivamia Hungary. Kati ya Mei na Julai mwaka huo, Wayahudi zaidi ya 400,000 wa mikoani walisombwa kwa treni, wengi wao wakapelekwa Auschwitz. Wayahudi wa mjini Budapest walibaki kidogo. Gedeon alipata nafasi ya kwenda Uswisi kupitia Msalaba Mwekundu. Hakwenda. Watu wengi wamejaribu kueleza kwa nini, mimi nadhani jibu si gumu: alikuwa na umri wa miaka 72 na kiwanda kilikuwa pale. Unawajua wazee wa namna hiyo. Hapa Lamu wapo ambao hata mjukuu akiwa na nyumba ya ghorofa Mombasa hawahami, wanasema makaburi ya wazee wao yako huku.

Oktoba 1944 chama cha Arrow Cross, mafashisti wa Kihungary, kikashika serikali. Mwanadiplomasia wa Sweden, Raoul Wallenberg, alikuwa amepanga nyumba kadhaa na kuziweka chini ya bendera ya nchi yake ili Wayahudi wajifiche humo. Gedeon na mkewe walikuwa kwenye mojawapo, katika mtaa wa Katona József. Tarehe 30 Desemba 1944 watu wenye silaha waliingia humo, bendera au hakuna bendera. Wakawatoa waliokuwamo, na Gedeon akapelekwa pamoja na wengine ukingoni mwa mto Danube, kwenye baridi ya Desemba. Akapigwa risasi, mwili ukaangukia majini. Mkewe alinusurika.

Wauaji hao walikuwa na desturi ya kuwaamuru watu wavue viatu kwanza, kwa sababu viatu vilikuwa na thamani wakati wa vita. Tangu mwaka 2005 kuna jozi 60 za viatu vya chuma zimepangwa pale ukingoni mwa Danube, vya wanaume, vya wanawake, na vidogo vya watoto. Tafuta picha zake. Jeshi la Urusi liliukomboa upande huo wa mji tarehe 18 Januari 1945, hata wiki tatu hazikutimia.

Ukiwa mtu wa Shela, habari ya miili iliyoachwa ukingoni mwa maji haiwezi kuwa ngeni kwako. Umekua ukisikia habari za Vita vya Shela, karibu mwaka 1812, watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa walipokuja kuipiga Lamu. Maji yakapwa, vyombo vyao vikakwama mchangani, wakauawa palepale ufuoni. Wazee husema mifupa ilikuwa ikionekana mchangani miaka mingi baadaye, upepo ukivuma. Tofauti ni kwamba wale walikuja na silaha. Gedeon alikuwa mfamasia aliyetolewa ndani ya nyumba.

Baada ya vita kiwanda kikataifishwa na serikali ya kikomunisti. Ile kazi ya homoni aliyoianza na tezi za machinjioni haikufa. Miaka ya 1960 kiwanda kilitoa vidonge vya kupanga uzazi, na unajua walivipa jina gani? Infecundin. Jina lilelile la dawa ya Haberlandt. Kwangu mimi hiyo ni sehemu tamu ya kisa hiki, kwamba kuna mtu pale kiwandani aliyekumbuka.

Halafu mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaja Postinor. Mwanzoni ilikusudiwa wanawake ambao hukutana na waume zao kwa nadra, wameze tembe moja baada ya tendo. Huko Canada, daktari Albert Yuzpe alikuwa na njia yake, ya kumeza vidonge vya kawaida vya kupanga uzazi kwa wingi kwa mpigo. Ilifanya kazi lakini wanawake walitapika sana. Shirika la Afya Duniani likazipambanisha njia hizo mbili kwa wanawake karibu 2,000 katika nchi 14, na matokeo yakatoka mwaka 1998. Levonorgestrel ilishinda, na kutapika kulipungua.

Kenya haikuwa mbali. Miaka hiyo ya 1990 mashirika kadhaa yaliungana ili kuieneza dawa hii katika nchi zisizo tajiri, yakachagua nchi nne za kuanzia: Indonesia, Mexico, Sri Lanka na Kenya. Ndiyo maana leo hata mtu asiyejua Postinor-2 anaijua P2. Tumeifupisha, tumeifanya yetu. Ile 2 ni ya vidonge viwili.

Katika uchunguzi ule wa 1998 kuna hesabu ambayo ningeiandika ukutani pale gatini kama ningeruhusiwa. Waliomeza ndani ya saa 24 walizuia asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa. Waliomeza kati ya saa 25 na 48, asilimia 85. Waliongoja mpaka saa 49 hadi 72, asilimia 58. Dawa ni ileile, kilichobadilika ni muda.

Kwa hivyo hesabu ya Shela ni hii. Kondomu imepasuka Ijumaa saa tano usiku. Saa 24 zako zinaisha Jumamosi saa tano usiku. Saa 72 zinaisha Jumatatu saa tano usiku. Sasa weka mambo ya huku: maduka mengi ya dawa yako Lamu mjini. Usiku boti ni shida, na ukitaka kutembea kwa miguu kando ya bahari lazima uangalie maji, yakijaa njia inasumbua. Juu ya hayo kuna aibu, maana muuza dawa anamjua mjomba wako. Ukianza kujiambia utakwenda Jumatatu ukitumwa sokoni, tayari umejiuzia asilimia nyingi. Nenda Jumamosi asubuhi. Kama unaona haya, mtume rafiki unayemwamini, hata wa kiume. Kaka, hapa nazungumza na wewe pia. Wewe hukai na tumbo, basi angalau toa nauli ya boti.

Nunua kwenye duka lenye leseni, si kwa mtu anayeuza kutoka mfukoni. Angalia tarehe ya kuharibika. Karatasi za zamani ziliambia watu wameze tembe moja, halafu ya pili baada ya saa 12. Siku hizi wataalamu wanashauri vidonge vyote viwili vya miligramu 0.75 vimezwe pamoja, kwa sababu kazi ni ileile na hutasahau cha pili. Kuna aina nyingine ya kidonge kimoja cha miligramu 1.5, hicho ni kimoja tu. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, unahitaji dozi nyingine. Unaweza kuhisi kichefuchefu, kichwa kuuma, matiti kuuma, uchovu. Hedhi inaweza kuja mapema au kuchelewa kidogo, na matone ya damu katikati si ajabu.

Kama umeshapitisha saa 72 usikate tamaa na usianze kunywa maji ya chumvi, sijui Coca-Cola na majani ya chai makali. Hayo hayazuii chochote. Mpaka siku ya tano P2 inaweza kusaidia, ila kwa nguvu ndogo, na hospitalini kuna koili ya shaba ambayo ikiwekwa ndani ya siku hizo tano inazuia mimba kuliko kidonge chochote cha dharura, halafu inaendelea kukukinga miaka. Hospitali ya King Fahd iko Lamu mjini, nenda ukaulize.

Kuna dawa zinazoipunguza nguvu P2. Kubwa ni rifampicin ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin, na efavirenz ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Ukiwa unatumia mojawapo mwambie mhudumu, atajua la kufanya. Ukiwa na mwili mkubwa, huenda pia ikawa dhaifu kwako, na koili haijali uzito.

P2 haizuii virusi vya Ukimwi wala kisonono. Kama una wasiwasi na hayo, na hasa kama ulilazimishwa, usiishie duka la dawa. Nenda hospitali moja kwa moja, kuna dawa za PEP za kuzuia virusi na zenyewe lazima zianze ndani ya saa 72. Usioge kwanza, na nguo ulizovaa usizifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi uende nazo.

Na hili la kuinywa kila wiki. Haitakukausha kizazi, nimeshasema, lakini utavuruga hedhi yako mpaka usijue uko wapi, na ukilinganisha mwaka mzima, inashindwa na sindano, na kijiti cha mkononi, na hata vidonge vya kila siku. Imetengenezwa kwa ajili ya siku ile mpira umepasuka, siku umesahau vidonge vyako, siku umekosa sindano kwa sababu boti ya kwenda kliniki haikuwepo. Wanaofikiri ni dawa ya wasichana wa starehe tu hawajakaa kibarazani na wake za watu wakiongea. Kuna dada ana mtoto wa miezi saba, mumewe baharia amerudi ghafla, yeye hayuko tayari kubeba tena. Anayenyonyesha pia anaweza kuitumia.

Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja kuliko siku uliyoitarajia, nunua kipimo cha mkojo ukapime asubuhi. Na maumivu makali upande mmoja wa tumbo baada ya wiki chache si ya kuvumiliwa nyumbani, panda boti siku hiyohiyo.